Shajara ya Mradi: Kugeuza Pikipiki ya Majini Kuwa Chombo cha Kuvulia

Lengo la mradi huu ni kuchukua pikipiki ya majini ya kawaida, yenye viti vya watu watatu na injini ya mipigo minne, na kuiandaa ili mtu mmoja aweze kuvua nayo kwa mshipi, iwe kwa kurambaza chambo nyuma ya chombo kinachotembea au kwa kuteremsha ndoana chini chombo kikiwa kimetulia. Shajara inaeleza kilichofungwa, kilichojaribiwa na kilichoondolewa, pamoja na sababu zake. Kila kifaa kilichopendekezwa kimeulizwa maswali mawili: je, kinaweza kuingiza kitu ndani ya pampu, na je, chombo kikipinduka, mtu mmoja ataweza kukigeuza kikiwa na kifaa hicho? Kifaa kilichoshindwa swali lolote kati ya hayo hakikufungwa, hata kama kilikuwa kizuri namna gani.

Januari: Kukielewa chombo

Pikipiki ya majini haina pangaboi linaloonekana nje. Injini huzungusha pangaboi lililofungiwa ndani ya mrija wa pampu, chini ya tumbo la chombo kuelekea tezi, yaani sehemu ya nyuma. Pangaboi hilo hufyonza maji kupitia tundu lenye fito chache za chuma, huyasukuma nyuma kwa nguvu, na maji hutoka kwa kasi kwenye mdomo mwembamba ambao usukani huugeuza kushoto au kulia. Mambo mawili yanafuata kutokana na muundo huu, na yote mawili yanamhusu mvuvi kuliko mtu anayeendesha kwa starehe. La kwanza ni kwamba chombo hutii usukani pale tu maji yanapotoka kwa nguvu. Ukiachia kiongeza mwendo ghafla ili ukwepe kitu kilicho mbele, chombo huendelea kuteleza kilikokuwa kikielekea, hata ukiupinda usukani hadi mwisho. La pili lina uzito zaidi. Katika miundo yenye ngao ya kurudi nyuma, gia huru haimaanishi kwamba pampu imesimama: ngao hushushwa nusu mbele ya mdomo ili msukumo wa mbele na wa nyuma ulingane, lakini pangaboi linaendelea kuzunguka na tundu linaendelea kufyonza. Mvuvi aliyezoea boti ya injini ya nje, ambaye akiweka gia huru anajua kwamba pangaboi limetulia, akija na mazoea hayo hapa atapoteza mshipi wake na huenda akaiharibu pampu. Injini ya chombo hiki ama imezimwa ama inafyonza.

Vyombo hivi havikubuniwa kwa ajili ya uvuvi. Bombardier ya Kanada ilitoa Sea-Doo ya kwanza mwaka 1968, Kawasaki ikafuata na Jet Ski ya kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vyote viwili vililenga michezo. Wavuvi wa Afrika Kusini, Australia na New Zealand walikuwa wakifunga masanduku ya barafu na vishikio vya fimbo kwenye pikipiki za kukalia kwa miaka mingi kabla kiwanda hakijawasikiliza. Sea-Doo Fish Pro, iliyotolewa kama muundo wa mwaka 2019, ndiyo iliyoleta sanduku la barafu, skrini ya kutafutia samaki na vishikio vya fimbo kutoka kiwandani. Nimeitazama kwa makini, si kwa nia ya kuinunua, bali kwa sababu inafundisha. Waliounda chombo hicho hawakuongeza sanduku tu. Waliirefusha sitaha ya nyuma kwa karibu sentimita 30. Walijua kwamba uzito wa tezini unahitaji mwili wa kuubeba, na mtu anayeiga sanduku bila sitaha ameiga nusu ya kazi.

Februari: Uzito na fremu

Kibao cha kiwanda kilichobandikwa kwenye chombo hutaja uzito wa juu unaoruhusiwa, na hesabu yangu ilianzia hapo. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban kilo 0.74, hivyo tangi la lita 60 likijaa ni kilo 44 na ushei, ingawa hizo kiwanda kimekwisha kuziweka katikati na chini, mahali panapofaa. Tatizo ni sanduku la barafu. Sanduku la lita 50 lililojaa barafu, maji na samaki linakaribia kilo 50, nazo zote zinakaa nyuma kabisa, juu ya maji, mbali na kitovu cha uzito. Chombo kilichobebeshwa hivyo huinua omo, yaani sehemu ya mbele, huanza kurukaruka kikiongeza mwendo, na kikisimama tezi huzama kiasi cha kuruhusu mawimbi madogo kupanda sitahani. Nilichagua sanduku la lita 30 na kidogo, refu kwa upana wa chombo na fupi kwenda juu, na mfuniko wake unafunguka kuelekea kitini ili mvuvi asilazimike kusimama anapouinua.

Fremu inayolishika sanduku imetengenezwa kwa mabomba ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Alumini ingekuwa nyepesi zaidi, lakini boliti za chuma zikigusana na alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa taratibu, na kuzitenganisha metali hizo kwa washa za nailoni ni kazi inayodai ukaguzi wa kila mara. Fundi wa kuchomelea alitaka kutoboa sitaha mahali pengi ili fremu, kwa maneno yake, "isicheze hata ukiigonga." Nilimjibu, "Fundi, kila tundu unalotoboa ni maji ninayoyaalika." Tukakubaliana kutumia pete za kuvutia zilizokuwapo tezini, na kutoboa mahali pawili tu, juu ya usawa wa maji, pakiwa na vibati vya kuegemea kwa ndani na gundi ya kuzibia.

Kwenye fremu kuna kifundo cha kufungia mkebe wa petroli ya akiba, na mkebe huo hautaingizwa kamwe ndani ya chombo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Mabaharia husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na mvuke wa petroli huifuata methali hiyo bila kukosea: hushuka hadi ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, na kukaa hapo ukisubiri cheche. Kiti hufunguliwa na ngama hunuswa kabla ya kuwasha injini, kila mara.

Machi: Macho ya chini ya maji

Sehemu hii ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na naona ilistahili. Transdyusa ndicho kichwa kinachotoa mlio wa sauti na kuusikiliza mwangwi wake, na sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mlio unaokwenda mita 30 chini na kurudi huchukua sehemu 4 za mia za sekunde. Zipo njia mbili za kukifunga kichwa hicho. Kikifungwa nje, tezini, husoma vizuri zaidi na hupima pia joto la maji. Lakini hugongwa chombo kinapopandishwa kwenye trela, husumbuliwa na povu la pampu, na kinaongeza pembe moja ya kunasa mshipi karibu kabisa na mdomo wa maji. Hapo swali la kwanza lilikwisha kujibiwa. Kikigandishwa ndani, kwenye sakafu ya ngama, hupaza sauti kupitia tumbo la chombo, na hakuna kinachochomoza nje.

Njia ya ndani ina masharti. Sauti haipiti kwenye hewa kama ipitavyo kwenye maji au kitu kigumu, kwa hiyo mahali pa kugandisha lazima pawe faiba tupu, isiyo na povu la kuelea wala tabaka la hewa katikati. Kuna vyombo vyepesi vya siku hizi ambavyo mwili wake ni plastiki ya polipropilini, na gundi ya epoksi haishikamani na plastiki hiyo ipasavyo. Wenye vyombo hivyo wafunge kichwa nje. Chombo hiki ni cha faiba, lakini si kila sehemu yake ni tupu, na kwa kutazama tu huwezi kujua.

Jaribio lilifanyika chombo kikiwa majini, kimefungwa kamba mbele na nyuma, injini imezimwa. Transdyusa ilitiwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki uliojaa maji, mfuko ukafungwa bila kubakiza hewa, kisha ukakandamizwa kwa mkono kwenye sakafu ya ngama iliyolowanishwa. Wakati huohuo mwenzangu aliteremsha bildi, yaani uzito wa kupimia kina, ubavuni, kamba yake ikiwa na fundo kila mita, na kutaja kina kwa sauti. Karibu na vikalio vya injini skrini haikuonyesha chochote. Mara namba iliruka, mara ikapotea. Shubiri moja mbele yake, namba ilitulia, na ilipolingana na fundo lililokuwa mkononi mwa mwenzangu tulipaweka alama kwa penseli ya nta. Tukasogea tena kushoto, kulia na mbele, tukipima kila mahali, kwa sababu mahali panaposoma mita 6 vizuri si lazima pasome mita 40, na nguvu ya mwangwi inayoonekana pembeni mwa skrini ndiyo inayotabiri kina cha mwisho.

Baada ya hapo sakafu ilikwaruzwa kwa msasa, ikapanguswa kwa spiriti, ikamiminiwa epoksi inayokauka polepole, na transdyusa ikashushwa juu yake kwa kuizungusha kidogo huku na huku mpaka viputo vyote vya hewa vikatoka pembeni. Kiputo kimoja kilichobaki chini ya uso wa transdyusa kinaweza kuziba kazi yote, na epoksi ikikauka hakuna dawa isipokuwa kuibandua kwa patasi.

Jambo ambalo wengi hulisoma vibaya kwenye skrini ni upana wa kile wanachokiona. Mlio wa masafa ya kilohezi 200 hutoka kwa umbo la koni nyembamba. Ikiwa pembe yake ni nyuzi 20, katika kina cha mita 30 duara linaloonekana lina upana wa mita 10 na nusu hivi. Ikiwa ni nyuzi 40, kama ilivyo kwa masafa ya chini ya kilohezi 50 katika transdyusa nyingi, upana unafika karibu mita 22. Samaki anayeonekana kwenye skrini anaweza basi kuwa mita kadhaa ubavuni, si chini ya kiti, na chombo kinachosukumwa na upepo kitakuwa kimempita kabla chubwi haijafika chini. Ndiyo maana ninasogea juu ya mkondo kwanza, kisha ninateremsha.

Upande wa umeme ulikuwa rahisi. Betri ya kuwashia injini haiguswi, kwa kuwa mvuvi hukaa saa nyingi injini ikiwa imezimwa, na betri ikiisha nguvu mbali na nchi kavu, kamba ya kuvutia ya kuwashia kwa mkono haipo kwenye vyombo hivi. Skrini ina betri yake ya lithiamu ya saa-ampia 10, yenye fyuzi ya ampia 3 karibu na ncha chanya. Kwa kifaa kinachokula wati 10 hivi, betri hiyo inatosha mchana mzima. Nyaya zake zimepitishwa upande wa pili wa nyaya za kuwashia injini, vinginevyo skrini hujaa chenga.

Aprili: Jaribio la kupindua

Chombo ambacho hakijawahi kupinduliwa kwa makusudi kikiwa na mizigo yake kitapinduka siku moja bila makusudi, na siku hiyo haifai kuwa ya kwanza kujifunza. Tezini mwa pikipiki nyingi za majini kuna kibandiko kinachoonyesha upande wa kugeuzia chombo kilicholala kifudifudi. Upande huo haukuchaguliwa kwa bahati. Ndani ya mfumo wa kutolea moshi kuna maji ya kupoozea, na chombo kikigeuzwa upande usiofaa maji hayo huweza kutiririka hadi kwenye silinda. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta, kinachopinda ni mkono wake wa chuma.

Tulikwenda mahali penye maji matulivu ya kina cha kifua, injini imezimwa na kamba ya usalama ya kuzimia imeondolewa kwenye swichi, sanduku lina maji badala ya samaki, fimbo ziko kwenye vishikio. Kukipindua kulihitaji watu wawili. Kukigeuza, mtu mmoja hushika fito za tundu la kufyonzea, hukanyaga ukingo wa mpira unaozunguka chombo, kisha huegemea nyuma kwa uzito wake wote. Chombo kilianza kuja, kikafika ubavu, kikasita hapo. Sanduku halikuwa na hatia, kwani likiwa limejaa maji ndani ya maji halina uzito wa kutisha. Zilizokuwa zikizuia ni fimbo. Zikiwa zimesimama wima kwenye vishikio vinne, chombo kikiwa kifudifudi zilining'inia chini na kuyapinga maji kama makasia, na mishipi yake ilikuwa imelegea na kuelea huru, sentimita chache kutoka kwenye tundu lilelile nililokuwa nimelishika. Tulirudia bila fimbo, chombo kikageuka kwa mvuto mmoja.

Vishikio viwili vilivyosimama viliondolewa siku hiyohiyo. Sasa vipo viwili tu vya kurambazia, na fimbo za akiba hulala chini kando ya miguu zikiwa zimefungwa kwa ukanda wa mpira na ndoana zake zimefunikwa. Komeo la mfuniko wa sanduku lilibadilishwa pia, kwa sababu la zamani lilifunguka lenyewe. Kabla ya kuwasha injini tena, chombo kilipandishwa trela, vizibo vya ngama vikafunguliwa, na maji yaliyoingia yakatoka yote.

Mei: Kurambaza

Mwendo wa chini kabisa wa pikipiki nyingi za majini, kiongeza mwendo kikiwa kimeachiwa, ni kilomita 5 hadi 8 kwa saa hivi. Mwendo huo unafaa chambo cha asili na vyambo bandia vinavyozama, lakini kwa mwendo huohuo chombo huyumba, kwa kuwa maji yanayotoka ni machache na usukani hauna nguvu. Nimejifunza kuelekea shabaha ya mbali badala ya kusahihisha kila myumbo, kwa sababu anayesahihisha kila myumbo huchora nyoka majini na mishipi yake miwili hufuata mkondo wa nyoka huyo hadi ikasokotana. Mshipi mmoja huachiwa mbali zaidi ya mwingine, yote miwili ikivuka povu jeupe la pampu, na kona hupindwa kwa upana mkubwa.

Breki ya rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, hupimwa nchi kavu kwa mizani ya kuning'iniza, na kiwango chake ni kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi; kwa mshipi unaokatikia kilo 15, hiyo ni kati ya kilo 4 na 5 hivi. Breki iliyokazwa kupita hapo ni hatari zaidi kwenye chombo hiki kuliko kwenye boti, kwani samaki mkubwa anayevuta kutoka ubavuni, mvuvi akiwa ameinama upande huohuo, ana nyenzo ya kutosha kukilaza chombo.

Samaki anapokamata, mkono hutaka kuachia kiongeza mwendo papo hapo. Usiuruhusu. Chombo kikisimama ghafla, mishipi yote miwili hulegea, ule usio na samaki huzama na kusogea chini ya tumbo, na pampu ingali inafyonza. Utaratibu tuliofikia ni huu: chombo huendelea mbele polepole, mshipi mtupu hukunjwa wote na ndoana yake huwekwa ndani ya sanduku dogo la vyambo, chombo hugeuzwa kidogo ili mshipi wenye samaki ubaki ubavuni, na hapo injini huzimwa kabisa kwa kuvuta kamba ya usalama. Kuanzia hapo pambano ni la mkono na fimbo. Samaki akikimbilia chini ya chombo, ncha ya fimbo huzamishwa majini na kuzungushwa kupitia omo, si tezi. Mvuvi hukaa ametazama upande, miguu yote miwili ikiwa kwenye nafasi zake, na samaki huingizwa kwa wavu wa mkono au kwa kushikwa taya kwa kishikio, kisha hutiwa kwenye maji ya chumvi yaliyochanganywa na barafu, ambayo humpooza haraka kuliko barafu kavu kwa sababu humgusa mwili mzima. Ndoana za matawi matatu zote zimebadilishwa kwa ndoana moja moja. Samaki anayerukaruka mapajani akiwa na ndoana ya matawi matatu ana nafasi tatu za kumuunganisha mvuvi na chambo chake.

Mshipi wa kusuka ukiingia kwenye pampu, dalili yake ya kwanza ni injini kupandisha mizunguko bila mwendo kuongezeka, pengine ikifuatwa na mtetemo chini ya kiti. Ukiendelea kulazimisha, uzi hujikaza kwenye shafti mbele ya pangaboi, na unaweza kufika kwenye sili ya shafti, ambayo ndiyo inayozuia maji kuingia ngama. Injini huzimwa, kamba ya usalama huondolewa, na uzi hukatwa kutoka chini kupitia fito za tundu kwa kisu kilichopinda kama ndoana, chenye makali upande wa ndani. Kisu hicho kimefungwa kwa uzi kwenye jaketi la kuokolea, si ndani ya sanduku la vifaa, kwa kuwa atakayekihitaji atakuwa majini.

Lipo pia suala la sheria ya njia. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, katika Kanuni ya 3, hazimhesabu anayerambaza kuwa "chombo kinachovua," kwa sababu mishipi yake haimzuii kugeuza chombo. Kwa hiyo hana haki ya kupishwa anayopewa mvuvi wa jarife au wavu wa kukokota. Nimekutana na wavuvi wa starehe wanaoamini kinyume chake, nao hushangaa meli isipowapisha.

Juni: Kutulia mahali pamoja

Kutia nanga kutoka kwenye chombo chepesi kuna kanuni moja isiyojadiliwa: nanga hufungwa omo, kamwe si tezi. Ikifungwa tezi, mkondo huivuta sehemu iliyo nzito tayari na wimbi linalofuata hupanda juu ya sanduku. Nanga yenyewe ni baura ndogo ya kukunja ya kilo 1.5, yenye mita 2 za mnyororo wa milimita 6, na kamba yake ni ya nailoni. Nailoni huzama, ilhali polipropilini huelea, na kamba inayoelea kandokando ya chombo kinachofyonza ni ajali inayongoja wakati wake. Mnyororo umefungwa kwenye kitako cha baura na kubanwa kwenye shingo yake kwa ukanda mwembamba wa plastiki, ili baura ikinasa kwenye mwamba ukanda ukatike na baura ing'oke kwa kuvutwa kinyume.

Hata hivyo nanga imetumika kidogo kuliko nilivyodhani. Kamba inayotakiwa ni angalau mara 5 ya kina. Katika mita 15 hizo ni mita 75, na rundo la mita 75 za kamba iliyolowa katikati ya magoti ya mvuvi ni balaa. Kwa maji ya kina zaidi ya mita 10 ninatumia mwavuli wa kuburura majini, ambao ni koni ya turubai inayofungwa omo na kupunguza kasi ya kusukumwa na upepo. Omo hutazama wimbi, mvuvi huvua kuelekea tezi, na kamba iko mbali na pampu. Kamba fupi ya kuegeshea iliyo omo wakati wote imekatwa ili ncha yake isilifikie tundu la kufyonzea hata ikianguka majini na kuvutwa nyuma. Kila mwenye chombo apime umbali huo na kukata yake.

Julai: Mtu mwenyewe

Nguo ya mpira wa neoprini inayofunika mapaja na kiuno si ya baridi tu. Mtu akianguka nyuma karibu na mdomo wa pampu, maji yanayotoka kwa kasi yanaweza kumuingia mwilini na kumjeruhi ndani, na kaptura ya kuogelea haizuii. Maelekezo ya viwanda yanasema hivyo waziwazi. Jaketi la kuokolea huvaliwa, halibebwi. Redio ya VHF isiyoingia maji, yenye chaneli ya 16 ya dharura, imefungwa kwenye jaketi, pamoja na kifaa cha kutoa ishara ya uokoaji kwa masafa ya megahezi 406, kwa sababu upepo hukisukuma chombo kitupu haraka kuliko mtu awezavyo kuogelea, na kilichobaki chomboni kimeondoka nacho.

Petroli hugawanywa mara tatu: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya akiba. Kurambaza kunahesabiwa ndani ya theluthi ya kwanza.

Agosti: Utunzaji na kazi iliyobaki

Kusafisha injini kwa maji yasiyo na chumvi kuna mpangilio wake katika injini zinazopozwa kwa maji ya nje moja kwa moja: injini huwashwa kwanza, ndipo bomba hufunguliwa, mwishoni bomba hufungwa kwanza, ndipo injini huzimwa. Bomba likifunguliwa injini ikiwa imezimwa, maji hujaa kwenye mfumo wa moshi na kurudi silindani, na hapo tumerejea kwenye madhara yaleyale ya kupinduka. Fremu imesimama vizuri, ila boliti moja ilikuwa na rangi ya kutu kichwani na imebadilishwa.

Taa za usiku hazitafungwa. Chombo kidogo kinaruhusiwa na kanuni kubeba taa moja nyeupe tu ikiwa mwendo wake wa juu hauzidi noti 7, yaani maili 7 za baharini kwa saa, na hiki kinazizidi mara nyingi. Tena hakikutengenezwa kwa safari za giza. Kinarudi nchi kavu kabla jua halijatua.

Kinachosubiri sasa ni pete ya plastiki inayozunguka pangaboi ndani ya pampu. Mchanga wa sehemu za maji madogo huila, mwanya kati yake na ncha za pangaboi hupanuka, na pampu hupoteza nguvu kwanza katika mwendo wa chini, ambao ndio mwendo wa mvuvi. Pampu itafunguliwa, mwanya utapimwa kwa vipimo vyembamba vya chuma pande zote nne na kulinganishwa na kiwango cha kitabu cha chombo, na shafti itakaguliwa kwa tochi kama kuna uzi wowote uliobaki nyuma ya sili.